Chakula Kile Kile

9 Februari

Mama Pumba, mwanangu,

Marahaba naitanguliza, maana najua shikamoo yako iko njiani. Sisi huku wazima wa kujikongoja. Goti la baba yako halijaamua kama ni lake au la adui: akikaa hataki kuinuka, akiinuka hataki kukaa, na katikati ya hapo kazi yake ni kunikosoa mimi kaka yake. Mama yako kapaka jikoni rangi ya kijani. Tumenyamaza. Najua umenipigia simu mara tatu, usinune. Simuni mtu hujibu kabla hajafikiri, na mimi nina jambo la kufikiri.

Kuku wa Babu yako wanaharibika. Unawajua: weusi tii, kilemba chekundu, hakuna doa. Tangu Babu aanze nao hajaingia jogoo wa nje hata mmoja. Hakimu, jogoo niliye naye sasa, baba yake alikuwa wetu, na babu yake, na babu wa babu yake. Watu wanakuja kutoka mbali kuwatazama tu.

Mwezi uliopita nimeweka mayai arobaini kwenye mashine ya kutotolea. Walitoka kumi na saba. Wanne midomo imepishana kama mkasi mbovu, hawawezi kudonoa. Sita vidole vimejikunja kwa ndani, wanatembelea ngumi. Mayai mengine niliyavunja moja moja. Kumi na moja walikuwa vifaranga waliotimia, manyoya juu, wamekufa.

Na hawa waligonga, mwanangu, hilo ndilo linaloninyima raha. Siku ya ishirini na moja nimekaa na mashine kwenye chumba cha nyuma nikawasikia, tok, tok, halafu kimya. Nimeizima mashine, nimeifuta, nimefungua madirisha. Nikipita pale saa saba mchana, jua kali, bado nasikia. Nimemwita baba yako aje asikilize. Kakataa kuingia mle.

Wewe umesomea chakula cha mifugo. Niambie, nimewanyima nini?

Ni mimi, Profesa asiye na cheti


2 Machi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako nimeisomea kantini nikacheka goti la baba mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Sijapandishwa. Bado nipo maabara ya kiwanda, napima unga wa dagaa kama una mchanga, na mchanga upo. Chumba nilichopanga kizuri, kina madirisha mawili. Jirani mmoja, mama mtu mzima, fundi cherehani wa sare za shule, ananipikia kila Jumapili. Kwa hiyo msinihofie, sikondi.

Pole na vifaranga. Kuhusu vidole, nadhani najua. Kuku mama akikosa vitamini fulani, watoto hutoka na vidole vya kujikunja, na wengi hufia ndani ya yai. Wewe unawapa pumba na mahindi tu, sema kweli. Wape majani mabichi kila siku, maziwa ya mgando, dagaa wasio na mchanga. Nimekuwekea pakiti sita za vitamini, changanya kwenye maji.

Lakini midomo ni jambo jingine, Baba Mkubwa. Mdomo wa kupishana sijawahi kuuona ukinyooshwa na chakula. Naomba unitumie lile daftari lako la ukoo wa kuku, nione nani kamzaa nani.

Na hicho chumba cha nyuma, kwa nini usihamishie mashine stoo?

Mwanao, Mama Pumba (jina hili nitakushtaki)


28 Machi

Mama Pumba,

Tumeipokea barua na pakiti. Shangazi yako alikuja, kala, kalalamika, kaondoka. Baba yako anakusalimu.

Maziwa nimenunua, majani nakata mwenyewe. Daftari haliwezi kusafiri, karatasi zake zimechoka. Stoo ina panya.

Huyo jirani yako fundi cherehani ana umri gani? Anashona kwa mguu au kwa umeme? Wakati anashona, huuma uzi pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto? Nauliza tu.

Baba yako Mkubwa


24 Mei

Mwanangu,

Umekaa kimya karibu miezi miwili, nami siwezi kungoja, furaha inanitoka masikioni. Vidole vimenyooka! Nimeangua mara mbili tangu pakiti zako. Hakuna hata mmoja wa kutembelea ngumi. Na wanaototolewa wameongezeka. Nimemwambia baba yako, huyu mtoto alisoma, hakupoteza ada yetu.

Midomo bado, watatu safari hii, na wengine wanagonga na kuacha. Lakini nayo itakuwa kuna kitu cha kulisha, tutakigundua tu. Nimelala nikiwaza, nimeamka nikiwaza, nimefika mahali pamoja: yote ni chakula. Mama akila vibaya, anayelipa ni mtoto. Marehemu mama yangu alilisema hili sebuleni kwetu nikiwa kijana, akaonekana mkali. Kumbe alisema kweli. Ule mchele mbichi ndio uliofanya yale. Miaka thelathini na moja nimekuwa na shaka moyoni, leo kuku wameniondolea.

Nitumie pakiti nyingine kumi.

Profesa


16 Juni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Wazazi nawasalimu. Afya yangu nzuri. Nina jambo la kukiri, na lawama ya kwanza ni yangu.

Fundi cherehani ni yeye, ni mke wako. Anauma uzi upande wa kushoto. Nilimkuta hapa kwa bahati, nyumba ya pili kutoka kwangu, nikamjua kwa picha iliyo kabatini kwa mama. Uliponiuliza nilikaa wiki kumi na kalamu mkononi. Nilizaliwa ameshaondoka, na nyumbani habari yake tulifundishwa kwa sentensi moja: alikula mchele mbichi, akapoteza watoto watatu. Nimekua nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Mama Mkubwa anaumwa. Moyo umepanuka, daktari hakutaka kutaja miezi. Macho nayo yamefifia, sindano anaitia uzi kwa kupapasa. Kwa hiyo kila Jumapili humsomea barua zako. Anapenda sana mnavyogombana na baba. Aliniomba nisikuambie, nikatii.

Ile barua ya Mei nilikuwa nimetoka kuipokea mlangoni. Sikuipitia kwanza. Niliifungua mbele yake nikaanza kusoma kwa sauti, nikicheka, na mpaka macho yangu yanafika kwenye mchele, mdomo ulikuwa umeshasema. Aliweka chini kitambaa alichokuwa anakunja. Akasema, "Hata kuku." Basi. Tangu siku hiyo hajashona.

Unajua huyu mama hajaonja mchele tangu atoke kwako? Hata harusini hugeuza sahani. Anaamini aliwaua wanawe kwa mkono wake. Anakwenda kufa akiamini hivyo, Baba Mkubwa, na mimi na vitamini zangu nimemwongezea ushahidi.

Vidole vilikuwa chakula, nakubali. Midomo na vile vifo vya ndani ya yai, nadhani ni damu. Mama Mkubwa ni binti wa shangazi yako, na wazazi wenu nao walikuwa binamu. Siwezi kuapa, mimi si daktari wa watu. Lakini kwa kuku tunaweza kupima. Chukua matetea sita wa tumbo moja. Watatu wabaki na Hakimu, watatu wape jogoo wa nje. Ngoja wiki tatu ndipo uanze kuokota mayai, mbegu ya jogoo wa zamani hukaa ndani. Banda lile lile, mashine ile ile, chakula kile kile. Halafu hesabu.

Na ukishahesabu, mwandikie. Nakuomba kama mtoto wako.

Mimi


11 Julai

Kwako,

Barua nimeipata. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa Babu yako hata huyo wa kamba hakuingia. Siwezi kuwa mimi wa kuvunja alichokilinda maisha yake yote.

Mambo ya ndoa yangu hukuwepo. Sikukutuma kunipatanisha na mtu. Ulitumwa vitamini.

Baba yako hajambo.

Nimempa dereva wa basi kifurushi, kakipokee stendi. Ni daftari. Ulilitaka, lisome, lirudi.

Dawa za moyo ni bei gani?

Baba yako Mkubwa


3 Septemba

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nilichelewa kwa sababu nililisoma mara nne. Dawa alizo nazo zinatosha kwa sasa. Jumapili iliyopita aliniomba nimpeleke nje, tukakaa barazani akaniuliza kama chumba cha nyuma, alikowalaza wanawe, bado kina pazia la njano. Nikasema sijui.

Kwanza kuku. Una mwandiko mzuri kuliko msimamizi wangu. Nimechora ukoo mzima kwenye karatasi nne za kubandika pamoja. Hakimu amezaa na binti zake, kisha na wajukuu zake, na mama yake Hakimu alikuwa dada wa baba yake Hakimu. Kila mstari ninaoufuata unarudi kwa jogoo yule yule wa Babu. Karatasi yangu ilianza pana huku chini, ikaishia kwenye kuku wawili huko juu.

Sasa kurasa za nyuma. Sijui kama ulisahau kwamba zimo, au ndizo ulizotaka nizione. Umeandika kwa mistari ile ile ya kuku. "Wa kwanza, saa sita. Wa pili, siku mbili. Wa tatu, siku tisa." Pembeni umeorodhesha alichokula Mama Mkubwa, mwezi kwa mwezi, vikombe vya uji, mayai, mboga, kama unamwandalia mchanganyiko wa kufugia. Nililia, sikufichi, na nilikukasirikia mno.

Lakini daftari nalirudisha na barua hii, soma mwenyewe mimba ya tatu. Ulipima kwa mkono wako. "Mchele: hakuna. Stoo nimefunga, ufunguo ninao mimi." Mwezi wa kwanza hadi wa tisa, umeandika hivyo mara tisa. Hakuonja hata punje, na mtoto akafa siku ya tisa.

Ufunguo ulikuwa nao wewe, Baba Mkubwa. Uliandika jibu, ukafunga daftari, ukaacha mama yako aseme ni mchele. Mimi nakupenda na sitaacha kukupenda, ila hili usiniambie hukulijua. Kuna chumba unakwepa kukaa na kuna mtu unakwepa kumwandikia. Miguu yake imeanza kuvimba. Tafadhali.

Mwanao


8 Desemba

Mama Pumba, mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Mvua imetunyeshea mfululizo, bati la jikoni linavuja juu ya ile kijani ya mama yako, naye anasema ni njama. Nilikaa kimya miezi mitatu. Nilianza barua saba, zote nikawashia jiko.

Nilinunua jogoo kwa fundi baiskeli wa pale kona. Kijogoo shingo wazi, rangi kama kitambaa cha viraka, hana ukoo wala haya. Nilimwingiza kwenye gunia kama mwizi, baba yako asimwone. Matetea sita wa tumbo moja, watatu kwa Hakimu, watatu kwa huyu muhuni. Nilingoja wiki tatu. Chakula nilipima kwenye mizani moja, kopo moja, wote maziwa, wote majani, wote pakiti zako. Nikaweka mayai ishirini kila upande.

Wa Hakimu walitoka tisa, wawili midomo imepishana. Nilikaa na wale wengine mpaka wakaacha kugonga.

Wa yule muhuni walitoka kumi na wanane. Wana madoa, wana shingo wazi, wamenitia aibu kwa sura. Lakini midomo imenyooka yote. Niliwashika mmoja mmoja nikiwakagua kwa kidole, nikitafuta kasoro, naomba hata moja. Sikuipata. Nilikaa chini sakafuni katika chumba kile nikalia, mwanangu, mzee mzima, vifaranga wananipanda miguuni.

Nilijua. Umesema nisikuambie sikujua, basi sikuambii. Nilipomzika wa tatu nilijua si mchele. Lakini kama si yeye, basi ni sisi wawili kukutana, na mimi nilikuwa namtaka. Ningesema, wangetutenganisha. Nikanyamaza ili abaki, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomfukuza.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo. Hii ipitie kwanza, kisha msomee. Inasema: "Haukuwa mchele. Hukuwa wewe. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nisamehe."

Mimi


5 Januari

Shikamoo Baba Mkubwa,

Heri ya mwaka. Nimemsomea.

Nilimkalisha kitandani, nikamwekea mto mgongoni. Nilisoma polepole. Aliposikia "hukuwa wewe" alinyoosha mkono akataka karatasi, akaisogeza puani kabisa, ila haoni tena maandishi. Akaniambia soma. Nikasoma. Akasema soma tena. Nilisoma mara sita.

Nilidhani atalia, au atasema amekusamehe, nami nilishaandaa leso. Akasema, na naandika maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie nimesikia. Mwambie siku ile sebuleni kulikuwa na watu kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa sababu sikuweza kuwatazama usoni. Mama yake alisimama akasema mimi ni muuaji wa tumbo langu, na yeye alikaa pale anatazama zulia. Nilichafuliwa mbele ya watu kumi na mmoja, leo nasafishwa ndani ya bahasha? Kuku wake wamepata haki yao kwa miezi mitatu. Mimi nina thelathini na moja, miaka."

Nikamuuliza, kwa hiyo nimjibu nini? Akasema, "Waliobaki hai awaite. Asimame. Aseme."

Daktari amesema tusipange mambo ya mbali. Amesema hivyo mbele yake, naye akacheka.

Mwanao


2 Februari

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Sote huku tuko hai.

Niliwaita Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Wamebaki watano: baba yako, mama yako, shangazi yako, na binamu zangu wawili. Sebule ile ile. Nilisimama. Nikasema mke wangu hakuua mtoto yeyote. Nikasoma kurasa za nyuma za daftari, mwezi kwa mwezi, mpaka siku ya tisa. Nikasema ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na nilikaa nikatazama zulia.

Nilidhani watashtuka. Nilijiandaa kwa kelele, kwa shangazi yako kuniita mwendawazimu. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi yako alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Ndipo baba yako akasema, bila kuinua uso, "Kaka, sisi tulijua."

Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Muuguzi alimwita mama yetu pembeni, hospitalini, akamwambia hawa wawili damu yao ni moja, na wazazi wao ni hivyo hivyo, washauriwe wasijaribu tena. Mama ndiye aliyeipanga ndoa ile. Alirudi nyumbani akawaita baba yako na shangazi yako akawaapisha wasifungue mdomo. Kisha akatafuta cha kusema, akaona bakuli la mchele.

Nikauliza, muuguzi alisema lini? Nilifikiri ni baada ya wa tatu. Baba yako akasema, "Baada ya wa pili."

Baada ya wa pili, mwanangu. Wa tatu alikuwa hajatungwa. Walituangalia tukifurahi, waliniangalia nikipima uji na kufunga stoo, miezi tisa, wakijua. Walikuja kumbeba zile siku tisa, wakijua. Nimemuuliza baba yako kwa nini, angenivuta hata shati. Akasema, "Mlikuwa mnapendana sana, na mama alituapisha." Sijui kama nitamjibu. Ni baba yako, mheshimu, hilo ni letu sisi wawili.

Nimemwachia mama yako ufunguo wa banda. Nakuja na basi la Alhamisi. Mwambie Mama Mkubwa wako kwamba nimesimama na nimesema, hilo unaweza kumsomea leo hii. Habari ya muuguzi usimwambie, hata akikubana. Hiyo ni lazima aisikie kwangu, nimekaa mbele yake, na akishaisikia, akitaka niondoke, aniambie mwenyewe.

Baba yako Mkubwa